Dodoso la Kaya Lifike Hadi Zahanati

Kati ya utafiti wa afya wa mwaka 2015-16 na ule wa 2022, Tanzania ilipiga hatua kubwa. Watoto waliozaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Lakini vifo vya watoto wachanga, wale wasiofikisha hata mwezi mmoja, vilikuwa 25 vikawa 24.

Tunaomba msomaji asimame kidogo kwenye namba hizo mbili za mwisho. Wajawazito waliambiwa wasijifungulie nyumbani, wakaitika. Wamepanda bodaboda usiku, wamekopa nauli, wamehamia kwa ndugu wa karibu na kituo wiki za mwisho za ujauzito. Wao wametimiza sehemu yao. Na bado kichanga wa siku tatu anafariki karibu kwa kiwango kilekile cha wakati ambapo zaidi ya theluthi moja ya watoto walikuwa wanazaliwa nje ya vituo.

Kenya nayo ina jambo linalofanana na hili. Ilifuta ada ya kujifungua katika vituo vya serikali mwaka 2013, na idadi ya akina mama wanaojifungulia vituoni ikapanda sana. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa 22 kwa kila 1,000 katika utafiti wa 2014, na 21 katika utafiti wa 2022.

Kwa nini? Wataalamu watatoa majibu mengi, na mengine yana uzito: watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, maambukizi, kuchelewa kufika. Lakini ukitaka jibu lenye ushahidi, lililopimwa nchi nzima, hutalipata. Habari za mama zimeandikwa katika utafiti mmoja na habari za zahanati katika mwingine, na tafiti hizo mbili hazijawahi kukutanishwa ipasavyo. Msimamo wetu ni kwamba zikutanishwe, na kazi hiyo ianze na utafiti ujao.

Tueleze hali ilivyo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ikishirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar, hupeleka wadadisi nyumba kwa nyumba. Mwaka 2022 zilifikiwa kaya zaidi ya 15,000 katika maeneo 629 ya kuhesabia watu, bara na visiwani. Mdadisi aliuliza sakafu ni ya udongo au ya saruji, kaya inachota maji wapi, nani ana simu, mtoto amepata chanjo zipi, mama alihudhuria kliniki mara ngapi na alijifungulia wapi. Ni kazi nzuri, na nchi inajivunia kwa haki.

Kisha upo utafiti mwingine, wa utoaji wa huduma vituoni. Ule wa 2014-15 ulifika katika vituo karibu 1,200. Huko wadadisi waliangalia kama kuna maji na umeme, kama dawa ya kumzuia mzazi asivuje damu ipo na haijapitwa na tarehe, kama kuna kifaa cha kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa bila kulia, na muuguzi wa zamu alipata mafunzo lini mara ya mwisho. Kazi hii nayo ni nzuri.

Lakini vituo vile vilichaguliwa kwa bahati nasibu yake, na maeneo ya kaya yakachaguliwa kwa bahati nasibu yake. Nchi wakati ule ilikuwa na vituo vya afya ya msingi takriban 7,000. Mama aliyehojiwa kijijini kwake hakuwa na nafasi kubwa kwamba zahanati aliyojifungulia ilikuwa miongoni mwa zile 1,200. Na hata kama ilikuwamo, hakuna mahali palipoandikwa kwamba ndiyo hiyo.

Matokeo yake tunajua ni asilimia ngapi ya akina mama walikwenda kituoni. Tunajua pia ni asilimia ngapi ya vituo vilikuwa na kifaa cha kumpulizia mtoto hewa. Kama mama aliyekwenda alikikuta, hilo hatulijui.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chukua mkoa wowote ambao wanawake wanane kati ya kumi wanajifungulia vituoni, na nusu ya vituo vyake vina vifaa na watu wa kumhudumia mtoto anayeshindwa kupumua. Huenda karibu wanawake wote hao wanakwenda katika ile nusu iliyo tayari, kwa sababu ndiko kwenye hospitali kubwa. Basi fedha ziende kwenye usafiri, ili na wale waliobaki wafike huko. Lakini huenda wengi wao wanajifungulia katika zahanati ndogo za ile nusu nyingine. Hapo fedha ziende kwenye vifaa, dawa na wakunga. Wastani wa mkoa ni uleule katika hali zote mbili, na mganga mkuu wa mkoa akipewa wastani huo peke yake atabaki kubahatisha.

Utafiti wa 2022 ulileta pia habari iliyofurahisha nchi nzima: makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Vifo hivi hukadiriwa kwa kuwauliza watu habari za dada zao, na makadirio ya namna hiyo huwa na upana mkubwa, lakini mwelekeo ni wa kutia moyo mno. Katika miaka hiyo Serikali ilipandisha hadhi vituo vingi vya afya hadi vikaweza kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi. Mpango wa m-mama ulianza kumpatia mjamzito usafiri wa dharura kwa kupiga namba 115. Watumishi waliongezwa, barabara zikafunguliwa. Ni lipi kati ya haya lililookoa akina mama wengi zaidi, na kwa gharama gani? Nchi inayotaka kuendeleza ushindi lazima ijue ulitoka wapi. Kama fedha zitapungua kesho na waziri akalazimika kuchagua kati ya chumba cha upasuaji na gari la wagonjwa, achague kwa kuangalia nini?

Wapo watakaosema kuunganisha kunawezekana hata sasa, kwa ramani. Kila eneo la utafiti lina alama yake ya satelaiti, na kila kituo kina alama yake. Pima umbali, mpe mama kituo kilicho karibu naye zaidi. Njia hii inatumika sana na watafiti, na ina kasoro mbili ambazo haifai kuzifumbia macho.

Ya kwanza ni kwamba alama za kaya zinazotolewa kwa watafiti huwa zimesogezwa kwa makusudi, ili asiyehusika asiweze kujua nyumba ya aliyehojiwa. Mjini husogezwa hadi kilomita 2, vijijini hadi kilomita 5, na chache za vijijini hadi kilomita 10. Sababu ni ya haki kabisa, hasa kwa tafiti zinazopima virusi vya Ukimwi. Lakini kilomita 5 ndicho kipimo ambacho Serikali yenyewe imekitumia miaka yote kusema kama kaya iko karibu na huduma au mbali nayo. Ukisogeza alama ya kijiji kwa kiasi hicho, kinaweza kuhamia ng'ambo ya mto, na zahanati ya jirani ikageuka kuwa ndiyo yake.

Ya pili ni kubwa zaidi. Watu hawaendi kwenye kituo kilicho karibu kwa sababu tu kiko karibu. Utafiti uliofanyika Kasulu, mkoani Kigoma, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya wanawake waliojifungulia vituoni waliipita zahanati ya kwao na kwenda mbali zaidi. Walikuwa wanatafuta mahali wanapopaamini: penye daktari, penye dawa, penye lugha nzuri. Hawakuwa wajinga wa jiografia. Mtafiti anayemgawia mama huyo zahanati aliyoipita anaandika habari ya mtu mwingine. Na anapoteza jambo lenye thamani kubwa mno kwa mpangaji wa huduma, yaani kwamba zahanati hii ipo, ina jengo, ina mtumishi, na wanakijiji wanaipita.

Dawa yake ni nyepesi: mwulize mama jina la kituo. Madodoso ya kaya tayari yanauliza alijifungulia katika hospitali ya serikali, kituo cha afya, zahanati, au kituo cha binafsi. Mdadisi asipokuwa na hakika ni cha nani, huandika jina lake ili ofisi iamue kiwekwe kundi gani. Jina likishafanya kazi hiyo, halitumiki tena. Tanzania ina orodha ya taifa ya vituo vya kutolea huduma za afya, na kila kituo kina namba yake. Kenya pia inayo orodha kuu ya namna hiyo. Vishikwambi ambavyo makarani walivitumia katika Sensa ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, vinaweza kubeba orodha ya vituo vyote vya mkoa bila taabu. Mama anataja jina, mdadisi anachagua, namba inaingia. Kinachoongezeka kwenye mahojiano ni dakika moja au mbili.

Hatua inayofuata ni kukitembelea kituo hicho. Gari la wadadisi limeshafika kijijini. Dereva yupo, mafuta yamelipwa, mwenyekiti wa kitongoji ameshapokea barua. Kuongeza mtumishi mmoja wa afya katika timu, apite katika zahanati, kituo cha afya na hospitali zinazohudumia eneo lile katika wiki ileile, ni gharama, ndiyo, lakini ni ndogo kuliko kuandaa msafara mwingine mzima mwaka unaofuata kwenda mahali pengine.

Si jambo geni. Mkoani Kagera, kati ya 1991 na 1994, wakati Ukimwi unateketeza familia, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifuatilia kaya zaidi ya 900 katika jamii 51. Pamoja na dodoso la kaya walikuwa na dodoso la kituo cha afya, la shule ya msingi na la bei za sokoni. Watafiti walirudi kuzitafuta kaya zilezile mwaka 2004, kisha tena 2010. Utafiti ule umesomwa na wanauchumi wa dunia nzima, na ulianza hapa, kwa wadadisi wa hapa, kabla hata simu za mkononi hazijafika Bukoba.

Nchi jirani nazo zinafanya. Kuanzia mwaka 2013 mradi wa tafiti fupi za uzazi wa mpango umekuwa ukiendeshwa katika nchi kadhaa zikiwamo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na muundo wake ni huo: kaya za eneo fulani huhojiwa, na vituo vinavyolihudumia eneo hilohilo hukaguliwa. Mwanamke akisema hakupata sindano ya uzazi wa mpango, mtafiti anaweza kuangalia kama kituo chake kiliishiwa.

Katika elimu, watu wa mpango wa Uwezo, unaopima kama watoto wanajifunza, walifanya hivyo kwa watu wa kujitolea. Walipima watoto nyumbani kwao katika Kenya, Tanzania na Uganda, na katika kila kijiji wakapita kwenye shule ya msingi ya serikali. Matokeo yao ya miaka ya mwanzo yalizishtua serikali zote tatu. Kwa Tanzania, takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ukaguzi mwingine wa shule, uliofanyika kwa kushtukiza, ulikuta karibu nusu ya walimu hawamo darasani wakati wa kipindi. Wazazi walikuwa wameshaandikisha watoto. Tatizo lilikuwa ndani ya geti la shule, na bila mtu kuvuka geti lile lisingejulikana.

Hata maji yako hivyo. Wizara ya Maji ilipoweka vituo vya maji vya vijijini kwenye ramani, vilionekana zaidi ya 65,000, na karibu vinne kati ya kila kumi havikuwa vinatoa maji. Dodoso la kaya linapouliza tu chanzo kikuu cha maji ya kunywa, halijui bomba lililokauka.

Lakini mfano ambao tungependa kila diwani aujue ni wa Rufiji na Morogoro Vijijini. Kuanzia mwaka 1996-97, Wizara ya Afya, kwa msaada wa taasisi ya Kanada ya utafiti wa maendeleo, iliendesha katika wilaya hizo mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP. Wilaya zilipewa vitu viwili: nyongeza ndogo ya fedha, na picha ya vifo vya watu wao wenyewe. Wadadisi walipita kaya kwa kaya, wakarudi na kurudi tena. Palipotokea msiba, waliketi na wafiwa wakauliza marehemu alianza kuumwaje, alipata homa, alikohoa, alivimba, hadi wataalamu wakaweza kukadiria kilichomuua. Wengi wa marehemu hao walifia nyumbani. Kitabu cha MTUHA, yaani cha mfumo wa taarifa za huduma za afya, pale zahanati kisingewaandika kamwe, kwa sababu kitabu kile humwandika anayefika.

Picha hiyo ilipowekwa kando ya bajeti ya wilaya, watumishi wenyewe walishangaa. Katika Morogoro Vijijini malaria ilikuwa inabeba takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa inapotea, na ilikuwa inapata takriban asilimia 5 ya fedha. Bajeti ilikuwa inafuata ya mwaka uliopita, pamoja na matakwa ya mfadhili aliyekuwapo. Timu za afya za wilaya zikabadilisha mpango. Fedha zikaenda kwenye vyandarua, na watumishi wakafundishwa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kutibu dalili moja moja. Nyongeza iliyotumika ilikuwa karibu senti 80 za dola kwa kila mtu kwa mwaka. Ndani ya miaka mitano hivi, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Haikujengwa hospitali mpya ya rufaa, wala hawakuletwa madaktari bingwa. Kilichobadilika zaidi ni kwamba aliyekuwa anagawa fedha aliona kinachowaua watu wake, na alikuwa na mamlaka ya kuzihamisha.

Sasa tuje kwenye ustawi wa kaya, kwa sababu hapa ndipo dhuluma inapojificha. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Tunaweza kusema maskini ni nani, anakula nini, anaezeka kwa nini. Tunaweza pia kusema kwamba na yeye siku hizi anajifungulia kituoni zaidi kuliko zamani. Lakini je, anakwenda kwenye kituo cha namna ileile kama mwenye nacho? Tukisema "asilimia 81 wamefikiwa" na kuishia hapo, tunamhesabu sawasawa mama aliyejifungulia hospitali yenye daktari wa zamu na mama aliyejifungulia zahanati yenye mhudumu mmoja, tochi ya simu na ndoo ya maji. Wote wawili wameingia kwenye namba moja, na aliyeonewa ametoweka ndani yake.

Vivyo hivyo kwa gharama. Sera ya afya inasema huduma kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya umma. Mwulize mganga mfawidhi, atasema ni bure. Mwulize mama, naye atataja glovu, pamba, wembe, mpira wa kutandika, na dawa aliyoandikiwa akanunue dukani. Wote wawili wanasema kweli. Zahanati haikutoza hata shilingi. Bohari yake ilikuwa tupu. Takwimu za matumizi ya kaya zinaonyesha fedha imetoka mfukoni, takwimu za kituo zinaonyesha dawa haikuwapo, na kwa sababu hazikutani, mmoja anaonekana mwongo. Tungekuwa nazo pamoja tungejua kila mwezi ambao dawa inakosekana zahanati unaitoa kaya maskini shilingi ngapi. Hiyo ni hoja ambayo Bohari ya Dawa, TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) na Hazina zingelazimika kuijibu.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tunaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kadi ya bima ina thamani ya kituo kinachoipokea. Kama Serikali itawalipia wasio na uwezo, kama ilivyoahidi, ni lazima ijue kila kaya inayolipiwa inakwenda kituo gani na inakuta nini. Vinginevyo tutalipa michango kwa ajili ya rafu zisizo na dawa.

Zipo hofu, na hatuzipuuzi.

Kubwa ni usiri. Ukiandika kwamba mama wa kitongoji fulani, mwenye watoto wanne, alijifungulia zahanati fulani mwezi fulani, umeshamtaja bila kumtaja, hasa kijijini ambako watu wanafahamiana. Tena kama jibu la kipimo chake cha damu limo katika faili lilelile, madhara yake hayasemeki. Kwa hiyo kuunganisha kufanyike ndani ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa maofisa walioapa, kwenye kompyuta zisizotoa faili nje. Mtafiti aende pale na swali lake, aondoke na majedwali. Sheria ya Takwimu inalinda habari za mtu mmoja mmoja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023. Sheria zipo, zinahitaji kusimamiwa na watu wasioogopa kumkatalia mkubwa anayetaka kuona majina. Na mama aambiwe kabla, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba kituo atakachokitaja kitatembelewa, na kwamba jina lake halitafika huko. Akikataa, asilazimishwe.

Hofu ya pili ni ya watumishi. Mwaka 2015/16 Serikali ilivipima vituo vya afya ya msingi nchi nzima na kuvipa nyota. Takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja. Duru iliyofuata, ya 2017/18, ilionyesha vituo vya namna hiyo vimepungua sana, na hilo ni jambo la kusifu. Lakini muuguzi aliyepangwa peke yake katika zahanati isiyo na maji anajua nani atalaumiwa kwanza matokeo yakitoka. Takwimu zilizounganishwa zikigeuzwa fimbo ya kumchapa yeye, mwaka unaofuata kitabu chake kitakuwa safi na cha uongo. Kipimo kianze kwa aliyempeleka pale bila dawa, bila mwenzake wa zamu na bila nyumba ya kuishi.

Tatu, tusiahidi kupita kiasi. Maeneo 629 katika mikoa 31 ni kama maeneo 20 kwa mkoa. Utafiti wa ukubwa huo hauwezi kuipa kila halmashauri namba yake, wala kumwambia diwani wa kata yake hali ya zahanati yake. Unachoweza ni kuonyesha uhusiano: vituo vyenye sifa hizi vinaokoa watoto wangapi zaidi ya vile visivyo nazo, kwa maskini na kwa mwenye nacho, baada ya umbali kuzingatiwa. Halmashauri ikishalijua hilo, inalisoma pamoja na taarifa zake za MTUHA za kila mwezi na orodha ya vifaa vyake, kisha inapanga. Kuna pia suala la muda. Mama anaulizwa uzazi wa miaka kadhaa iliyopita, na kituo kinakaguliwa leo. Katikati hapo muuguzi amehamishwa na jengo limekarabatiwa. Kwa hiyo uunganishaji utumie vizazi vya karibuni zaidi, na ukaguzi uulize pia nini kimebadilika tangu wakati ule.

Kisha kuna fedha. Kwa miaka 40 tafiti za afya za kaya katika nchi zetu zilitegemea sana mpango uliogharimiwa na Marekani kuanzia 1984. Februari 2025 Marekani ilikata fedha hizo. Nchi nyingi zilikuwa katikati ya kazi. Wafadhili wengine wamejitokeza kuziba sehemu ya pengo, na tunawashukuru, ila somo limeeleweka: nchi isiyoweza kulipia mahojiano ya akina mama wake hujua hali yao kwa hisani ya mwingine. Bajeti ya takwimu iingie katika bajeti ya afya, na ilindwe humo. Tena, kwa kuwa muundo wa zamani umevunjika, huu ndio wakati wa kuunda mpya unaotufaa, badala ya kusubiri mtu arudi na dodoso lake.

Tunataka mambo haya yaamuliwe kabla rasimu ya utafiti ujao haijafungwa. Kila swali la huduma, la kujifungua, la mtoto mgonjwa, la chanjo, liandike namba ya kituo. Vituo vyote vinavyotajwa katika eneo, vya umma, vya dini na vya binafsi, vitembelewe na timu ileile. Vya binafsi visiachwe, na maduka ya dawa yasiachwe, maana mtoto mwenye homa mara nyingi huanzia dukani. Wizara ya Afya, TAMISEMI na ofisi mbili za takwimu zitie saini makubaliano ya nani anatunza faili na nani anaruhusiwa kulisoma. Majedwali ya kwanza yafike kwa waganga wakuu wa halmashauri kabla hawajaandika mpango kabambe wa afya wa mwaka wa fedha unaofuata, yaani miezi kadhaa kabla ya Julai. Ripoti iliyopambwa inayozinduliwa hotelini inaweza kuja baadaye.

Wizara ya Elimu na Wizara ya Maji zikae katika kikao hichohicho. Shule nazo zina namba, na vituo vya maji viliwahi kuwekwa kwenye ramani. Hakuna sababu kaya moja itembelewe na misafara mitatu, kila mmoja ukiuliza idadi ya watu wanaolala humo, na hakuna hata mmoja unaovuka barabara kwenda kuangalia shule, bomba au zahanati iliyo upande wa pili.